Hakuna Aliyefanya Kitu

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vikundi mliokusanyika hapa, wageni waalikwa, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze kuhusu migogoro katika vikundi. Nimekaa na mada hiyo wiki nzima, nikaona migogoro ninyi mnaijua kuliko mimi. Mnajua nani alimtukana nani, fedha za mfuko zilikwenda wapi, kikao gani kilivunjika na aliyekivunja. Kwa hiyo, kwa ruhusa yake, nimeipindisha mada kidogo. Nitazungumzia jambo ambalo halifiki kikaoni, haliandikwi kwenye muhtasari, na ukimuuliza yeyote atakwambia halipo. Nitazungumzia kutengwa.

Sikilizeni kwanza tunavyolisema. Kununiwa. Kukaushiwa. Kuchuniwa. Kupotezewa. Kupewa mgongo. Vijana wana mengine ambayo yameshanipita. Mtu mmoja mmoja anaweza hata kujisifu, "yule nimemkaushia." Lakini kundi zima? Nimekaa kwenye vikundi tangu ujana wangu, sijawahi kulisikia kundi likisema "sisi tumemtenga fulani." Utasikia tu "fulani ametengwa." Na nani? Kitenzi kimetendwa, mtendaji hayupo.

Hapo ndipo ninapotaka tukae asubuhi hii. Kutengwa hutengenezwa kwa kutotenda. Hakuna tusi, hakuna kofi, hakuna barua. Aliyetendewa hana cha kuonyesha, na waliotenda wataapa, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba hawajafanya kitu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa katika idara ya watu wanane. Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, la kazi na la utani. Mwenzetu mmoja akapata mtoto. Tukataka kumchangia zawadi, na ni wazi hawezi kuwemo kwenye kundi la kupanga mchango wake mwenyewe, kwa hiyo mmoja wetu akafungua kundi la pili, la watu saba, akaliita "Mchango wa Mtoto." Zawadi ikanunuliwa, ikapelekwa, picha zikapigwa. Kundi halikufungwa. Kesho yake mtu akatuma kichekesho humo, kwa sababu ndilo lililokuwa juu kwenye simu yake. Wengine wakajibu humohumo. Wiki haijaisha tukawa tunaulizana humo nani anakwenda kula mchana. Miezi miwili baadaye hata mambo ya kazi yalikuwa yanamalizwa humo, na lile kundi la wanane likabaki kama ubao wa matangazo.

Hakuna aliyekaa akaamua. Nilikuwemo, nawahakikishia. Nitakirudia kisa hiki, lakini kwanza niwapeleke bustanini.

Mwanasaikolojia wa Marekani anayeitwa Kipling Williams alikuwa amekaa bustanini na mbwa wake. Kisahani cha plastiki, vile vya kurushiana, kikamgonga mgongoni. Akageuka, akawaona wanaume wawili wanakisubiri, akawarushia. Alidhani yameishia hapo, lakini mmoja akamrushia tena yeye. Wakawa watatu, wanarushiana bila kusemeshana. Baada ya muda wale wawili wakaacha kumrushia. Hawakumkasirikia wala hawakumuaga. Waliendelea wao kwa wao kama alivyowakuta, naye akabaki amesimama. Williams anasimulia kwamba aliumia kiasi cha kujishangaa, kwa sababu ya watu ambao muda mfupi nyuma hakuwajua na wala hakuwa na haja nao.

Mwingine angerudi nyumbani akasahau. Yeye akaona amepata kipimo. Alianza na mpira chumbani: watu watatu wanasubiri jaribio lianze, wawili kati yao wameshapangwa na watafiti, mmoja anaokota mpira, mchezo unaanza, kisha yule wa tatu anaachwa. Baadaye mchezo ukahamia kwenye kompyuta, ukaitwa Cyberball. Mbele yako kuna vikaragosi viwili na mkono wako mwenyewe. Unaambiwa wale wengine ni watu walioko mahali pengine. Ukipata mpira unabonyeza unayetaka kumrushia. Mwanzoni unaupata mara moja, mara mbili. Kisha basi. Unawatazama wakirushiana, wewe unangoja. Mchezo mzima ni dakika chache.

Mwaka 2000 Williams na wenzake walichapisha matokeo ya watu 1,486 kutoka nchi 62 waliocheza kwa intaneti. Kadiri mtu alivyonyimwa mpira, ndivyo alivyojisikia vibaya. Mtasema, sawa, nani anapenda kuachwa? Lakini wakaanza kuutafuta ukomo wa jambo hili, na hapo ndipo lilipoanza kunitisha. Walisema: labda inauma kwa sababu mtu anadhani wenzake ni binadamu. Wakawaambia washiriki wazi kwamba ni kompyuta, haina akili wala kinyongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: iliuma karibu sawasawa. Wakasema: labda inauma kwa sababu ni watu ambao ungependa wakukubali. Mwaka 2007 wakachapisha jaribio ambalo washiriki waliambiwa wale wawili ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi linalochukiwa na karibu kila mtu. Iliuma vilevile. Mwaka 2006 kulikuwa na jaribio la ajabu zaidi: kila ukirushiwa mpira unakatwa pesa. Yaani kuachwa ni faida, ukitengwa unaondoka na nyingi. Bado watu waliotengwa waliumia.

Tafakarini hilo. Mtu anaumia kwa kutorushiwa mpira ambao si mpira, na watu ambao si watu, katika mchezo ambao kuupata mpira ni hasara.

Maelezo ambayo Williams anayatoa, na mimi nimeyakubali, ni kwamba tuna king'ora ndani. King'ora cha moshi hakiulizi kama nyumba inaungua au ni sufuria tu imesahaulika jikoni. Kinalia kwanza, kuuliza ni baadaye. Waswahili husema mtu ni watu, na kwa binadamu wa kale huo haukuwa msemo wa kupamba hotuba: aliyeachwa na kundi hakufika mbali. Kwa hiyo tulirithi masikio makali kwa dalili yoyote ya kuachwa. Kinacholia kinalia kwa kila mtu, mwenye roho ngumu na mwenye roho nyepesi. Tofauti zetu zinaonekana baadaye, tunapoanza kujituliza.

Mtakuwa mmesikia pia kwamba "kutengwa kunauma kama jeraha, ubongo haujui tofauti." Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 2003, watu 13 wakicheza Cyberball ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu inayoshughulika na karaha ya maumivu ya mwili ilionekana kuchangamka walipotengwa. Mwaka 2010 wengine wakachapisha kwamba watu waliomeza parasetamoli kila siku kwa wiki tatu waliripoti kwamba mambo ya watu yaliwaumiza kidogo kuliko yalivyowaumiza wengine. Magazeti yalifurahi sana. Mimi nawaomba mwende taratibu: mwaka 2014 watafiti walioangalia picha hizo kwa undani zaidi walionyesha kwamba ubongo unayabeba maumivu ya mwili na ya kukataliwa kwa mifumo inayotofautiana. Kwa hiyo msimpe mtu parasetamoli kwa sababu hakualikwa harusini. Tena mtu aliyetengwa hahitaji picha ya ubongo ili aaminiwe kwamba anaumia, na inanikera kidogo kwamba tunaidai.

Turudi kwenye kimya chenyewe. Williams anasema kutengwa kunagusa mahitaji manne kwa mpigo: kuwa wa watu, kujiheshimu, kuwa na usemi juu ya yanayokupata, na kuhesabika kwamba upo. Mawili ya kwanza yanajieleza. Hayo mengine mawili ndiyo yanayokitofautisha kimya na ugomvi.

Mkigombana na mwenzako, hata kama anakushinda, bado umeshika upande wako wa kamba. Ukisema hili, anajibu lile. Ukiomba radhi, anakubali au anakataa. Ukitukana, anatukana. Maneno yako yana kazi. Aliyekaushiwa ameshika kamba ambayo upande wa pili haina mtu. Anasalimia, salamu inakwenda chini. Anatuma ujumbe, tiki mbili zinageuka bluu, basi. Anaanza kujiuliza: nilisema nini? Ni ile siku? Ni yale maneno? Akimuuliza mtu, anajibiwa, "Ah, hamna kitu, unawaza sana." Na hilo jibu ndilo linalomaliza, kwa sababu sasa hata kile anachokiona kwa macho yake ameambiwa hakipo.

Ndiyo maana wapo wanaoanzisha ugomvi makusudi. Ninyi viongozi mnawajua: mtu alikuwa mtulivu miaka yote, ghafla anafoka kikaoni kwa jambo dogo, anagonga meza. Mnaandika kwenye muhtasari: nidhamu. Wakati mwingine ni nidhamu. Wakati mwingine ni mtu aliyegonga meza ili asikie kama inatoa sauti.

Kuhusu kuhesabika, mwanafalsafa William James aliandika tangu mwaka 1890 kwamba adhabu ya kishetani kuliko zote ingekuwa kumwacha mtu huru katikati ya jamii, kisha asitambuliwe na yeyote: akiingia hakuna anayegeuka, akisema hakuna anayejibu. Aliandika hivyo kama jambo la kufikirika. Watafiti wa chuo kikuu cha Purdue walilijaribu kwa kipimo kidogo sana, wakachapisha mwaka 2012. Mtafiti alikuwa anapishana na watu njiani chuoni. Wengine aliwatazama machoni, wengine aliwatazama na kutabasamu, wengine aliwapitisha macho usawa wa uso kama vile pale hapana mtu. Hatua chache mbele mtafiti wa pili aliwasimamisha na kuwauliza wanajisikia karibu na watu au mbali nao kiasi gani kwa dakika ile. Waliopitishwa macho walijisikia mbali zaidi. Ni mpita njia, wasiyemjua, kwa sekunde moja. Wajerumani wana usemi wa kumtendea mtu kama hewa, na watafiti waliutumia kulipa jina jaribio lao.

Sasa niwapeleke Athens ya kale, kwa sababu neno la kitaalamu ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa jambo hili, kama "ostracism" ya Kiingereza, limetoka huko, na asili yake ni kigae, kile kipande cha chungu kilichovunjika. Katika karne ya tano kabla ya Kristo, raia wa Athens waliulizwa mara moja kwa mwaka: je, tunataka kumfukuza mtu? Wakikubali, siku ya kura ilipangwa, na kila mmoja alikwenda sokoni na kigae alichokikwaruza jina. Kura zilipaswa kutimia 6,000. Aliyeshinda, kama huo ni ushindi, alipewa siku 10 za kufungasha, akaondoka kwa miaka 10.

Msidhani ulikuwa uchaguzi wa malaika. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kisimani, kwenye mteremko wa kilima cha Acropolis, vigae kama 190 vyenye jina la kiongozi Themistocles, na mwandiko ukaonyesha vimeandikwa na mikono 14 hivi. Mnaelewa maana yake: watu walikaa chini wakaandika kura za wengine mapema. Na kuna kisa kinachosimuliwa cha Aristides, kiongozi mwingine, aliyeitwa Mwadilifu. Siku ya kura mtu asiyejua kusoma alimkabidhi kigae bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Akamuuliza, huyo Aristides amekukosea nini? Mtu akajibu, hajanikosea, simjui hata, ila nimechoka kusikia kila mahali anaitwa Mwadilifu. Aristides akaandika jina lake, akarudisha kigae. Aliondoka mwaka 482 kabla ya Kristo.

Nimewapa ubaya wote huo ili mnielewe ninaposema kwamba, pamoja na hayo, Athens ilituzidi. Aliyefukuzwa alijua amefukuzwa. Kura zilihesabiwa mchana. Mali yake ilibaki yake, uraia wake haukuguswa, na alijua tarehe ya kurudi. Aristides mwenyewe aliitwa arudi mapema, vita na Uajemi vilipopamba moto. Linganisheni na vikundi vyetu. Aliyetengwa hajui siku ilipoanza, kosa lake, wala itaisha lini. Hakuna kigae hata kimoja chenye jina lake. Angekuwa na kigae angekishika mkononi akasema, hiki hapa.

Na kundi linafikaje huko bila kupiga kura? Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Schachter, alichapisha jaribio ambalo kila mara likinijia akilini namkumbuka mtu fulani. Vikundi vilikaa kujadili kisa cha kijana mhalifu: ahurumiwe au aadhibiwe? Wengi walielekea huruma. Ndani ya kila kikundi watafiti walipenyeza watu wao. Mmoja alikubaliana na wengi. Mmoja alianza akipinga kisha akashawishika. Wa tatu alipinga mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni maneno yote yalimwelekea huyu mpinzani. Kila mtu anataka kumshawishi, anaulizwa, anajibiwa, anabembelezwa. Katika vikundi vilivyoshikamana zaidi, tena kwenye mada iliyowahusu, ikafika mahali maneno yakaanza kupungua. Wakamwacha. Mwisho kikundi kilipogawana kazi, mpinzani mara nyingi hakupewa kamati ya uongozi; alipewa kamati ya kuandika barua, ile isiyotakiwa na mtu. Na yule aliyeanza akipinga kisha akalegea? Alipokelewa kama mwana.

Kutokana na hapo nina kipimo changu, si cha kisayansi. Watu wakikubishia sana kwenye kundi, bado umo. Anza kuwa na wasiwasi siku unaposema jambo ambalo zamani lingewasha moto, wakakujibu "sawa," wakaendelea.

Lakini kimya kingine hupangwa, na huu mfano nautoa kwa sababu unaonyesha kinavyoonekana kwa karibu. Mwaka 1932 kijana mweusi, Benjamin O. Davis Jr., aliingia chuo cha jeshi cha West Point, Marekani. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jioni moja ikapigwa mbiu ya mkutano wa wanafunzi, naye akaenda. Akafika karibu na mlango, akasikia kwamba ajenda ni yeye. Akarudi chumbani. Tangu hapo hakuna mwanafunzi mwenzake aliyemsemesha isipokuwa kwa mambo ya kazi. Alilala peke yake chumbani. Mezani alikula kati ya watu, bila mazungumzo. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne. Walitaka aondoke mwenyewe, ili isisemwe kwamba alifukuzwa. Hakuondoka. Mwaka 1936 alihitimu akiwa wa 35 kati ya 276, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza mweusi wa jeshi la anga la Marekani.

Watu hupenda mfano huu kwa sababu ya ushindi wake. Mimi mawazo yangu huenda kwa wale 275. Walikuwa vijana wa kawaida. Mmoja wao lazima aliwahi kuachia kijiko, Davis akakiokota, na yule kijana akameza neno "asante." Siku baada ya siku, kwa miaka minne. Ni kazi kubwa ile.

Na utafiti unasema ni kazi kweli. Mwaka 2013 ilichapishwa kwamba watu walioagizwa kumnyima mwenzao mpira katika Cyberball walitoka wakiwa na aibu na hatia, na furaha yao imepungua. Kumtenga mtu kwa kujua kunamchafua mtengaji. Sasa ikiwa inatuchafua, vikundi vinawezaje kuendelea miezi na miaka? Nadhani mmeshanitangulia: tunaendelea kwa sababu hatujui kwamba tunafanya. Tuna sababu nzuri mfukoni. Ana mambo mengi, tusimsumbue. Yeye si mtu wa vikao vya jioni. Tulidhani umemwambia. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichapisha kazi iliyolinganisha kupuuzwa kazini na kunyanyaswa waziwazi. Watu waliona kupuuza kuwa na madhara madogo, kunakubalika zaidi, si jambo la kukatazwa. Kumbe kupuuzwa ndiko kulikoenea zaidi, na ndiko kulikoambatana zaidi na afya mbaya na watu kuacha kazi. Kanuni zetu zinamlinda mtu asitukanwe. Sijaona kanuni inayomlinda asipotezewe, na sijui hata ingeandikwaje.

Aliyetengwa atafanya nini? Wengine hujipendekeza: katika ule utafiti wa mwaka 2000, waliotengwa walikuwa wepesi zaidi kufuata jibu la wengine hata likiwa na makosa. Kumbukeni hilo mnapomwona mwanachama aliyekuwa mbishi sasa anakubali kila kitu. Wengine humkimbilia yeyote atakayewaita, na wanaowaita si wema siku zote. Wengine hukasirika, majaribio ya mwaka 2001 yalionyesha watu walioambiwa kwamba hakuna aliyewachagua wakiwa wakali zaidi, hata kwa mtu wa pembeni asiyehusika. Ila nawaomba msitoke hapa mkimwogopa kila aliyekaa peke yake. Walio wengi hawamdhuru mtu. Wanachoka tu. Williams alizungumza na watu waliotengwa kwa miaka, na neno analotumia kwa hatua ya mwisho ni kukata tamaa: hawajaribu tena, hawapigi simu, maana afadhali kutopiga kuliko kupiga usipokelewe.

Najua kuna mtu hapa ana swali, nalijibu kabla ya wakati wa maswali. Je, kundi halina haki ya kumtoa mtu? Linayo. Yuko anayekula fedha za mfuko, yuko anayewashika wanawake, yuko anayevuruga kila kikao. Kumvumilia mtu wa namna hiyo ni kuwatenga wengine polepole, nao ndio watakaoondoka. Ninachoomba ni kwamba mkimtoa, mmtoe Kiathens. Mwiteni. Mwambieni kosa, muda, na njia ya kurudi kama ipo. Iandikeni. Itawatoa jasho, na kama hamna ujasiri wa kumwambia usoni, basi pengine sababu yenu haitoshi. Kumsukuma nje kwa kimya kunafanya kazi ileile bila yeyote kuwajibika, na ndiyo maana tunakipenda.

Kwa haya mengine, yasiyoamuliwa na mtu, sina dawa kubwa. Majaribio ya mpira yanaonyesha kitu kimoja ambacho ninakitumia: kidogo sana kinaumiza, na kidogo vilevile kinatuliza. Mtu apate mpira, hata mara chache tu. Kwenye kikao, mtazameni nani hajasemeshwa, muulizeni jambo ambalo analijua kweli. Swali la huruma analinusa kutoka mbali. Na angalieni simu zenu. Hesabuni makundi, hesabuni majina.

Hilo la simu linanirudisha kwa mwenzetu. Alikuwa akiandika kwenye kundi la wanane. Mwanzoni utani, kisha "jamani mbona kimya humu," kisha "mko?" Mmoja wetu alimwekea kidole gumba. Akaacha kuandika. Ofisini tulimsalimia vizuri tu, tulimheshimu, hakuna aliyekuwa na neno naye. Alipoomba uhamisho tulishangaa sana, tena tukamfanyia sherehe nzuri ya kumuaga, tuliyoipanga kwenye kundi la saba.

Miaka miwili iliyopita tulikutana msibani, tukakaa pamoja nje. Nilimwomba radhi. Sikuwa na uhakika hata kama alijua, kwa hiyo nilianza kwa kuzunguka, nikamweleza kwamba lilikuwapo kundi jingine. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha. Kisha akaniambia alijua siku moja tulipokuwa mezani wawili, simu yangu ikiwa imelala kifudifudi, nikaigeuza kuangalia saa. Skrini ikawaka, ujumbe ukaingia, na yeye akasoma jina la kundi: Mchango wa Mtoto. Kwa sekunde moja alifurahi, akadhani tunamchangia tena.

"Halafu nikakumbuka," akasema. "Mtoto alishaanza kutembea."